Kipilefti

Mwalimu Ndahani ni mdogo kuliko mwanangu wa pili.
Shati la bluu, pasi imepita mpaka linakwaruza,
kijiti cha mswaki kwenye pembe ya mdomo.
"Mama, umewahi kushika usukani?"

Kidogo, nikamwambia.

Sikumtajia Fuso,
tani saba za maharage, Butembo hadi Kasindi,
miaka kumi na mmoja,
matope yanayomeza tairi mpaka kwenye nati,
wala usiku ule breki zilipokufa mteremkoni
nikaliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima
polepole, kama mtu anayemlaza mlevi.

Perimi yangu imo kwenye bahasha, chini ya godoro, Nkuhungu.
Dirishani waliigeuza huku na huku,
Kifaransa chake kikawa nyayo za kuku.
"Anza upya tu, mama. Ndiyo njia fupi."

Basi, herufi L nyekundu mbele na nyuma,
Vitz nyeupe yenye breki mbili:
moja yangu,
moja ya wasiwasi wa Ndahani.

Huku wanashika kushoto.
Kwetu tunashika kulia.
Kulia: mkono wa kulia ugali.
Kulia: kazi ya macho.
Neno moja tu, nami nimelitumia kotekote.

Upepo wa Juni unakata masikio.
Tunajipinda kati ya makopo ya mchanga
nyuma ya Nanenane, mbele, nyuma, mbele,
halafu siku ya nne akanitoa barabarani.
Nikamwambia ile duara mbele yetu kwetu ni rompuwe.
"Hapa ni kipilefti," akasema. "Jina lenyewe ni sheria."

Nikaizunguka kinyume.

Bodaboda tatu zikanijia usoni,
dereva mmoja akaniita jina ambalo sitaliandika.
Ndahani alikanyaga breki yake kwa miguu yote miwili.
Mswaki ukakatika.
Tulikaa hivyo, honi zikitupigia kama harusi.
"Mama," akasema, "wewe si mwanafunzi.
Mwanafunzi angeogopa.
Wewe ulikuwa na uhakika."

Ndipo nikamwambia Fuso.

Tangu siku ile nilifunga uzi wa kitenge
kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.
Kila mwili ulipotaka kwenda nyumbani
uzi ulikaza.

Siku ya mtihani, afande wa trafiki,
mwanamke mwenye kofia nyeupe magotini,
anaandika bila kunitazama.
Kipilefti kikapita. Kilima kikapita.
Kizota, ng'ombe wakaingia barabarani,
mia, labda zaidi, na kijana mmoja nyuma yao.
Ng'ombe hawana kushoto.
Nikazima injini.
Mbukwenyi, nikamsalimu kijana, kama Ndahani alivyonifundisha.
Mbukwa, akaitika, bila kuharakisha mkia hata mmoja.

Afande akainua kichwa.
"Umejifunza wapi kusubiri hivi?"
Barabarani, afande.
Sikusema vizuizi vingapi, wala vya nani.

Kadi niliipokea Jumanne.
Masika Kavira, na uso wa mtu
aliyekamatwa katikati ya chafya.
Jioni hiyo niliendesha peke yangu mpaka Ihumwa na kurudi,
bila mzigo,
bila sababu,
nikitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena,
kama mtu aliyeangusha kitu.

Mama akapiga simu kutoka Butembo.
"Sasa weye unashikaka upande gani?"
Kushoto, mama.
"Eh! Siku utarudia huku, utatugonga wote!"
Akacheka, akacheka, mpaka mtandao ukakatika.

Sikuwahi kumwambia
kwamba nimelipia miaka mitano.